UZI: Amun hayumo kwenye "Amina". Yumo kwenye mfuko wa mbolea, kwenye parasetamoli na kwenye "vitamini"

#1 MzeeWaMizizi

Wakuu, salaam.

Kuna hoja imesambaa mno kwenye makundi ya WhatsApp, kwamba kila anayesema "Amina" mwisho wa sala anamtaja Amun, mungu wa Misri ya kale. Hoja hiyo imejengwa juu ya mfanano wa sauti tu, na haisimami. Ila Amun ameingia kweli katika Kiswahili, tena kwa mlango ambao watu hawauangalii: mlango wa chumvi.

Nianze na jina lenyewe. Wamisri waliandika konsonanti wakaacha irabu. Jina hili lina konsonanti tatu, i-m-n, na kwa hieroglifu huchorwa hivi: jani la tete (i), ubao wa mchezo wa senet ukiwa na kete zake juu (mn), kisha mawimbi ya maji (n). Maana yake ni "aliyefichika". Makao yake makuu yalikuwa hekalu la Karnak, mjini Thebes, ambao leo ni Luxor. Farao Akhenaten alipomkataa, mafundi walitumwa kutindua alama hizo tatu kwenye kuta za mahekalu. Tutankhamun mwenyewe alianza kwa jina la Tutankhaten. Lilipobadilishwa, Amun akawa amerudi.

Irabu tunazipata kwa wageni. Barua za Amarna za karne ya 14 KK, zilizoandikwa kwa mwandiko wa kikabari, zinasoma Amana au Amanu. Wakopti walisema Amoun. Wagiriki walisema Ammon, na m mbili. Kule Kush, yaani Sudan ya leo, alikuwa Amani, ndiyo sababu ya majina ya malkia wa Meroe kama Amanirenas na Amanitore. (Hiyo "Amani" wala haina undugu na amani yetu. UstadhSarufi naomba upitie hapo.)

Tawi linalotuhusu ni la Siwa, oasisi iliyoko magharibi ya Misri karibu na mpaka wa Libya, kiasi cha kilomita 300 kutoka pwani ya Mediterania. Hapo palikuwa na hekalu la Amun ambako watu walikwenda kuagulia, na Aleksanda Mkuu alifika mwaka 331 KK. Siwa ni bonde lililo chini ya usawa wa bahari. Maji yakiingia hayana pa kutokea, jua linayakausha, chumvi inabaki. Nyumba za kale za pale zimejengwa kwa kershif, yaani udongo uliochanganyika na chumvi ya ziwani. Wagiriki na Warumi waliita bidhaa ya huko chumvi ya Ammon. Kwa Kilatini *sal ammoniacus*.

Shikeni hapo kwanza. Jina limetoka kwa mungu likaenda kwa mahali, likatoka kwa mahali likaenda kwa bidhaa. Bidhaa ndiyo iliyolibeba hadi kwetu.

#2 UstadhSarufi

Nachukua upande wa Amina.

Mzizi ni alif-mim-nun, na maana yake ya msingi ni kuwa imara, kuwa salama, kutegemeka. Kiebrania kina *amen*, kina *emuna* (uaminifu, imani) na *ne'eman* (mwaminifu). Kiarabu kina *iman*, *amana*, *aman*, *amin*, *mu'min*. Kigeez cha Ethiopia kina *amna*, kuamini. Kutoka Kiarabu sisi tumepata amini, imani, amana, amani, mwaminifu, muumini, na jina la kike Amina. Sasa jiulizeni: jina la mungu wa kigeni likiazimwa, lingewezaje kuzaa ukoo mzima wa vitenzi katika lugha ndugu, kila lugha kwa kanuni zake za mnyambuliko? Ukoo huu umekomaa ndani ya lugha za Kisemiti zenyewe.

Ushahidi wa pili naupenda zaidi, kwa sababu kila mwenye Biblia anaweza kuufungua. Waandishi wa Kiebrania walimfahamu Amun, na walimtaja. Yeremia 46:25 inamtaja Amoni wa No, na Nahumu 3:8 inautaja mji wa No-Amoni, yaani Thebes. Hapo jina limeandikwa alef-mem-vav-nun. Neno *amen* huandikwa alef-mem-nun. Sasa rudini kwenye Yeremia hiyohiyo, 11:5 na 28:6: nabii anaitikia "amina". Kitabu kimoja kina maneno yote mawili, moja ni jina la mungu wa Misri anayetangaziwa adhabu, jingine ni kiitikio kwa Mungu wa Israeli, na hayagusani popote.

Tatu ni matumizi. Kumbukumbu la Torati 27 kuanzia aya ya 15 hadi 26, watu wanaitikia amina mara 12, moja baada ya kila laana. Hapo hakuna anayeitwa kwa jina. Watu wanathibitisha kilichosemwa.

Kuhusu Amani ya Meroe: hiyo ni matamshi ya Kimeroe ya i-m-n. Amani yetu ni *aman* ya Kiarabu. Zimekutana kwenye herufi tu.

#3 SwaliFupi

Shukrani Ustadh. Vipi Waamoni, wale wa uzao wa Lutu, na mji wa Amman kule Jordan? Hao si watu wa Amun?

#4 UstadhSarufi

Hapana. Hao huanza na ain, si alif: Ammon wa uzao wa Lutu ni ain-mem-vav-nun, na Amman ya leo kwa Kiarabu nayo ni ain. Kiswahili hakina ain, kwa hiyo sisi tunaandika zote kwa "a" moja, na hapo ndipo wengi hupotea. Omani nayo ina ain. Ukitaka kulinganisha maneno ya Kisemiti, usitumie tahajia ya Kiswahili wala ya Kiingereza. Tafuta neno kwenye mwandiko wake wa asili kwanza, uhesabu konsonanti, ndipo useme.

#5 MzeeWaMizizi

Nirudi kwenye chumvi, maana hapa kuna kona kali ambayo vitabu vingi vya shule huiruka.

Chumvi ya Siwa ya Warumi na "sal ammoniac" ya wanakemia wa baadaye ni vitu viwili tofauti. Plinius, mwandishi wa Kirumi aliyekufa mwaka 79 BK, anaieleza katika kitabu chake cha 31 cha historia ya maumbile: hupatikana chini ya mchanga, kwa vipande virefu, ladha yake si nzuri lakini inafaa kwa dawa. Analihusisha jina na neno la Kigiriki la mchanga, *ammos*. Hiyo sifa ni ya chumvi ya mawe, kloridi ya sodiamu, ileile ya jikoni.

Kloridi ya amonia ni nyingine. Hiyo kiasili hujitokeza pale ambapo moto unapumua kutoka ardhini: kwenye matundu ya volkano na kwenye matabaka ya makaa ya mawe yanayowaka chini kwa chini, kama milima ya Asia ya Kati. Siwa haina volkano wala makaa yanayowaka. Waajemi na Waarabu waliipata kutoka Asia ya Kati na kuiita *nushadir*. Al-Razi, tabibu na mwanakemia wa Rayy, aliiweka kwenye kundi la "roho" nne pamoja na zebaki, kiberiti na zarniki (madini ya aseniki), kwa sababu vitu hivyo ukivipasha moto hupaa.

Watafsiri wa Ulaya walipoanza kugeuza vitabu vya Kiarabu kuwa Kilatini, walihitaji jina la nushadir. Wakachukua jina la zamani lililokuwa limebaki bila mwenyewe: *sal ammoniacus*. Wanakili wengine wakaandika *armoniacum*, na r, wasomaji wakadhani ni chumvi ya Armenia. Kwa hiyo jina la Amun lilihama kutoka chumvi moja kwenda nyingine, na hiyo ya pili haikutoka kwenye hekalu lake kabisa.

Ndiyo maana ile simulizi kwamba makuhani wa Siwa walitengeneza kloridi ya amonia kwa samadi ya ngamia wa mahujaji naikataa. Ngamia walienea Misri kwa kuchelewa sana. Na maandishi ya kale yanayoitaja chumvi ile hayasemi popote kwamba hupaa kwenye moto, sifa ambayo mtu akiiona mara moja hawezi kuisahau.

Samadi ni kweli ilitumika, ila Misri ya karne ya 18. Nanyi mtaona ufundi wake. Mabonge ya samadi kavu yalichomwa majumbani kama kuni, na wanyama hao walikuwa wamelishwa malisho yenye chumvi nyingi. Masizi yalikwanguliwa, yakajazwa kwenye chupa za kioo za mviringo, na chupa zikakandikwa udongo kwa nje. Zilipangwa juu ya tanuri, moto ukadumishwa siku tatu mchana na usiku. Chumvi ilipaa kutoka kwenye masizi ikagandia juu, karibu na shingo. Mdomo wa chupa ukiziba mapema, chupa hupasuka. Moto ukiisha chupa ilivunjwa, ikatoka keki ya kijivu yenye ukingo mweupe.

Sasa mwendo wa haraka. Mwaka 1774 Joseph Priestley alikusanya gesi inayotoka chumvi hii ikipashwa moto pamoja na chokaa, akaikinga juu ya zebaki kwa sababu juu ya maji ingeyeyuka yote. Aliiita hewa ya alkali. Mwaka 1782 Torbern Bergman wa Sweden akaipa jina *ammonia*, yaani iliyotoka kwenye sal ammoniac. Mwaka 1785 Berthollet akaonyesha imeundwa kwa naitrojeni na hidrojeni. Kiswahili kimeipokea kama amonia.

#6 MkemiaMaabara

Uzi mzuri sana. Niongeze jaribio la kutofautisha hizo chumvi mbili, linafanyika hata darasani.

Chukua visahani viwili. Cha kwanza weka kijiko cha chai cha chumvi ya jikoni. Cha pili, badala ya kloridi ya amonia, weka kijiko cha chai cha mbolea ya SA (salfeti ya amonia) iliyosagwa; nayo ina amoni ileile. Ongeza kijiko kimoja cha chokaa kavu kwenye kila kimoja, kisha matone kumi hivi ya maji, ukoroge kwa kijiti. Fanya nje au dirishani. Usiinamishe pua, pungia hewa kwa kiganja kuelekea usoni. Kisahani cha chumvi ya jikoni hakitoi kitu. Cha SA kitatoa harufu kali ya choo cha mkojo ndani ya sekunde chache.

Kinachotokea ni hiki: chembe ya amoni, NH₄, imeshikilia hidrojeni moja ya ziada. Chokaa ikilowa inaipokonya hiyo hidrojeni, inabaki NH₃, na hiyo ni gesi, haina tena cha kuishikilia. Ukitumia majivu ya kuni badala ya chokaa matokeo ni yaleyale, ila taratibu.

Ukiona harufu haitoki, mara nyingi chokaa ni ya zamani. Chokaa iliyokaa wazi miezi hula hewa ya ukaa na kugeuka kuwa kama chaki, inapoteza ukali.

Angalizo moja la usalama. Usichanganye amonia na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, wala usimwage dawa hiyo kwenye choo chenye mkojo uliolala. Hutokea kloramini, na hiyo inaunguza mapafu.

#7 BwanaShamba255

MkemiaMaabara umegusa jambo ambalo shambani linakula fedha za watu kila msimu.

Kwanza tusome mfuko. DAP ni fosfeti ya diamoni, hiyo A ni ya amoni. CAN ni naitreti ya amoni na kalsiamu, A ni ya amoni. SA, A ni ya amonia. Kila mkulima anayesema "nipe mfuko wa DAP" amebeba herufi ya Amun begani. Kwa mfuko wa kilo 50: DAP ni 18-46-0, yaani kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. SA ina naitrojeni asilimia 21, kilo 10 na nusu, pamoja na salfa. CAN ina asilimia 26 au 27 kutegemea mtengenezaji, nusu yake ikiwa katika hali ya amoni na nusu naitreti.

Sasa makosa. La kwanza: kuchanganya DAP au SA na majivu au chokaa kwenye ndoo moja ili "kupunguza kazi". Hapo umefanya lile jaribio la visahani kwa kilo 50. Ile harufu inayokuchoma macho ndiyo naitrojeni uliyoilipia. Chokaa itangulie wiki kadhaa kabla ya kupanda, ichanganywe na udongo, mbolea ije baadaye kwenye shimo lake.

La pili: kugusanisha DAP na mbegu. Udongo ukiwa mkavu, chumvi na amonia vinaunguza chipukizi kabla halijatoka. Weka mbolea shimoni, funika kwa udongo wa unene wa vidole viwili, ndipo uweke mbegu.

La tatu ni urea kurushwa juu ya udongo mkavu wenye joto. Urea yenyewe haina amonia, lakini kimeng'enya kiitwacho yureasi, kilichojaa kwenye udongo na mabaki ya mimea, huigeuza kuwa amonia ndani ya siku chache. Ikiwa juu, inapaa. Ikiwa imefukiwa sentimita 5 hivi, umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, amonia inanaswa na unyevu na udongo wa mfinyanzi inabaki mle. Mvua nzuri baada ya kuweka nayo inaisukuma chini. Manyunyu ni mabaya kuliko ukavu: yanaamsha kimeng'enya bila kushusha mbolea.

Banda la kuku ni habari hiyohiyo. Kinyesi cha kuku kina asidi ya uriki, vijidudu vinaivunja kuwa amonia, na vinafanya kazi hiyo kwa kasi maranda yakilowa. Inashauriwa isizidi sehemu 25 kwa milioni ya hewa. Pua ikizoea haikuambii tena, kwa hiyo chuchumaa hadi usawa wa kuku na utulie hapo dakika moja: macho yakianza kuwasha, wao wamekuwa humo usiku kucha. Kamata konzi ya maranda ukaminye. Yakibaki donge, yamelowa mno. Tengeneza vinyweo vinavyovuja, fungua madirisha ya juu, ondoa sehemu zilizolowa. Kunyunyiza chokaa juu ya maranda mabichi huku kuku wakiwa ndani kunaongeza gesi papo hapo, kwa sababu ileile ya visahani.

#8 SwaliFupi

Bwana Shamba, naitrojeni ya viwandani yenyewe inatoka wapi? Kwenye samadi bado?

#9 MkemiaMaabara

Kwenye hewa. Fritz Haber alionyesha njia hiyo mwaka 1909, Carl Bosch akaifanya ya kiwanda, na kiwanda cha kwanza kikaanza Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Naitrojeni ya hewani na hidrojeni, ambayo leo hutolewa zaidi kwenye gesi asilia, hupitishwa juu ya kichocheo cha chuma kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi na shinikizo la mara 150 hadi 250 ya hewa ya kawaida. Kila mzunguko sehemu ndogo tu ndiyo hugeuka amonia. Hiyo inapozwa na kutolewa kama kimiminika, gesi iliyobaki inarudishwa tena. Joto likipandishwa mno amonia inavunjika, likishushwa kazi inakwenda polepole kupita kiasi. Ndiyo maana wakaegemea shinikizo na kichocheo.

Oppau hiyohiyo, tarehe 21 Septemba 1921, ghala la mbolea mchanganyiko wa salfeti na naitreti ya amonia lililipuka likaua zaidi ya watu 500. Mbolea ilikuwa imegandamana kama jiwe, na ilikuwa kawaida kuilegeza kwa baruti. Na mlipuko wa Beirut, Lebanoni, 4 Agosti 2020, ulikuwa wa tani 2,750 za naitreti ya amonia zilizokaa bandarini kwa miaka. Mbolea ya aina hiyo iwekwe pakavu, mbali na mafuta na mbali na moto. Ikigandamana, usiilegeze kwa kitu chochote kinacholipuka.

#10 FundiBaridi

Kwa ufupi upande wa mitambo ya barafu. Amonia huchemka kwa nyuzi 33 chini ya sifuri, kwa hiyo inafyonza joto vizuri mno, na imetumika kwenye majokofu makubwa tangu karne ya 19. Alama yake kwenye mitambo ni R-717. Mabomba ni ya chuma. Ukifunga kiungo cha shaba nyekundu au njano, amonia yenye unyevu inakitafuna hadi kinapasuka.

Kutafuta panapovuja: chovya kijiti cha kioo kwenye asidi ya hidrokloriki, kipitishe polepole kwenye viungo. Panapovuja patatoka moshi mweupe. Huo moshi ndio kloridi ya amonia yenyewe, ile chumvi ya MzeeWaMizizi, inazaliwa hewani mbele ya macho yako.

Chumvi hiyohiyo iko kwa fundi bati. Kipande chake kigumu, mfano wa sabuni, ndicho kinachosafisha ncha ya chuma cha kulehemia. Pasha ncha hadi iyeyushe lehemu, isugue kwenye kipande mara mbili tatu, moshi utoke, kisha gusisha lehemu, itashika kama kioo. Usiitumie kwenye bodi za redio na simu. Mabaki yake yanakula waya na kuacha ukijani. Iko pia kwenye baadhi ya betri za tochi za zinki na kaboni, tangu muundo wa Leclanché wa mwaka 1866: ule uji mweupe unaovuja betri ikikaa mno una kloridi hiyo ndani, na ndio unaoharibu springi.

#11 MswahiliWaKaskazini

Huku Ulaya ya kaskazini chumvi hiyo inaliwa. Kilatini *sal ammoniacum* kilifupishwa kikawa *salmiak* kwa Kijerumani, na *salmiakki* kwa Kifini, na ndilo jina la peremende nyeusi za mzizi wa sus zilizotiwa kloridi ya amonia. Kwa kuwa vidonge vyake vilikatwa umbo la msambamba uliosimama kwa pembe, Wafini sasa huliita umbo lenyewe *salmiakki*.

Halafu kuna lugha zilizofuata mlango wa pili, wa nushadir: Kirusi *nashatyr*, Kituruki *nişadır*, na Kihispania cha zamani *almohatre*, chenye "al" ya Kiarabu ndani yake. Kitu kimoja, koo mbili za majina. Ukiichora ramani, unaona kila lugha ilinunua chumvi hiyo kwa nani.

#12 Mfamasia_Pwani

Nilisubiri sehemu yangu.

Mwaka 1849 Mfaransa Wurtz aligundua misombo inayofanana na amonia, isipokuwa hidrojeni mojawapo imebadilishwa na kikundi chenye kaboni. Baadaye kundi hilo likaitwa *amine*: "am" ya ammonia na kiambishi cha kikemia. Kwa Kiswahili tunaandika amini. Kutoka hapo ndipo amino asidi.

Mwaka 1912 Casimir Funk alidhani kwamba vitu vinavyozuia beriberi na maradhi ya aina hiyo vyote ni amini, akaunganisha *vita*, uhai kwa Kilatini, na *amine*: *vitamine*. Ilipobainika kwamba vingi si amini kabisa, mwaka 1920 Drummond akapendekeza e ya mwisho iondolewe ili neno lisidai kisicho kweli. Ndiyo vitamini yetu.

Sasa liangalieni neno letu kwa karibu: vit-amini. Kiswahili kina "amini" mbili zinazoandikwa herufi kwa herufi sawa. Ile ya kuamini ni ya Ustadh, alif-mim-nun. Ile iliyo ndani ya vitamini ni ya Amun wa Siwa. Anayetafuta jina la mungu wa Misri alipaswa kulitafuta kwenye chungwa, amelitafuta kwenye sala.

Parasetamoli: para-asetili-aminofenoli, limekatwa likabaki par-aset-am-oli. Hiyo "am" katikati ndiyo. Ndugu zetu walioko Marekani wanaiita asetaminofeni. Ni dawa ileile, molekuli ileile, na ndiyo sababu mtu asinywe zote mbili akidhani ni tofauti. Kwa mtu mzima mwenye afya kikomo ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ampisilini na amoksilini nazo huanza na kipande hichohicho cha amino.

Onyo kwa watakaofurahi kupita kiasi: sahani za melamini nimeziacha makusudi. Mwanakemia Mjerumani Liebig alitoa jina hilo mwaka 1834 kutokana na neno melam alilolibuni mwenyewe, kabla neno *amine* halijakuwepo. Mwisho unafanana, lakini tarehe zinakataa.

#13 MiambaNaMaji

Kuna tawi jingine la jina, halipiti kwenye chumvi. Linapita kwenye pembe.

Amun alichorwa mara nyingi kama kondoo dume au mwenye pembe za kondoo, zile zilizojikunja kuzunguka sikio. Aleksanda baada ya Siwa alichorwa nazo kwenye sarafu za Lysimachus, mmoja wa majemadari wake. Plinius huyohuyo anataja jiwe liitwalo "pembe ya Ammon", la rangi ya dhahabu, lililojikunja kama pembe, kutoka Ethiopia. Hayo ni masalia ya wanyama wa baharini, ndugu wa ngisi na pweza, waliotoweka miaka milioni 66 iliyopita pamoja na dinosau. Rangi ya dhahabu ni ya pairiti, madini yanayong'aa kama dhahabu, iliyojaza gamba. Leo wanaitwa amonaiti.

Kwetu wapo. Miamba ya kipindi cha Jura, zama za dinosau, ya eneo la Mombasa ina amonaiti, na Tendaguru mkoani Lindi, kwenye mifupa ya dinosau, amonaiti ni miongoni mwa visukuku vilivyosaidia kupima umri wa matabaka. Kuwatofautisha na konokono: konokono hujizungusha akipanda kama ngazi na ndani ni wazi moja kwa moja, amonaiti kwa kawaida amejizungusha bapa kama kamba iliyokunjwa sakafuni, na ndani amegawanyika vyumba. Kuta za vyumba hivyo zinapokutana na gamba zinaacha mchoro wa mikunjomikunjo, kama ukingo wa jani la mkuyati lililoliwa na wadudu. Ukiuona mchoro huo, huna haja ya kuuliza.

Na wanaosoma udaktari: sehemu za ubongo za CA1, CA2 na CA3, ndani ya hipokampasi inayotunza kumbukumbu, hizo CA ni *cornu Ammonis*, pembe ya Amun. Ukiikata kwa upana imejikunja vilevile.

#14 SwaliFupi

Mawili ya mwisho. Nimonia ya mapafu ni ya Amun? Na urea?

#15 MzeeWaMizizi

Yote mawili hapana. Nimonia ni *pneumon*, pafu kwa Kigiriki. P ya mwanzo imeanguka njiani. Urea ni *ouron*, mkojo, Kigiriki pia. Kwa hiyo mkulima akinunua urea hajabeba jina la Amun dukani. Linaanza kuwa lake shambani, siku ile yureasi inapoigeuza urea kuwa amonia na harufu ikatoka.